Redio Imesema, Lakini Nani Amelipa?

Mwezi uliopita mama yangu mdogo, anayeishi Kilosa na ambaye ameugua kisukari kwa mwaka wa kumi na moja sasa, alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Sukari ilipopimwa ilikuwa 27, juu mno kuliko kawaida. Siku ya tatu, alipoweza kuketi na kunywa uji, alinieleza kwa utulivu kabisa kwamba alikuwa ameacha vidonge vyake kwa wiki sita, kwa kuwa alikuwa anatumia unga wa mitishamba alioupata kupitia kipindi cha asubuhi cha redio, kopo moja kwa shilingi 45,000. Nilimuuliza kwa nini hakunipigia simu kwanza. "Mwanangu, ilikuwa redioni," akanijibu, "tena mtangazaji alikuwa anamuuliza daktari maswali, nami nikasikia mwenyewe."

Nimekisikiliza kipindi hicho mara nne tangu siku ile. Mwenye dawa hununua nusu saa, huingia studio, na mtangazaji ambaye dakika chache kabla alikuwa anasoma taarifa ya habari humkaribisha kwa cheo cha daktari na kumuuliza maswali ambayo kila moja linaishia kwenye kopo lilelile. Kisha hupokewa simu za watu wanaosema wamepona kisukari, presha na uvimbe. Hakuna mahali popote, mwanzoni wala mwishoni, ambapo msikilizaji anaambiwa kwamba amesikiliza tangazo la biashara. Sauti ni ileile ya habari, na ndiyo maana inaaminika.

Wako watakaosema kwamba mama mdogo hakuwa makini. Nakataa, na nitaeleza kwa nini. Mwaka 1973, akiwa msichana, alikuwa katika kikundi cha Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa njia ya redio, ambayo iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima. Wanakijiji walikutana chini ya mwembe, kiongozi wa kikundi akawasha redio, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma sura ya kitabu kilichoendana nacho, na baada ya hapo wakajadiliana: je, haya yanatuhusu, na tufanye nini hapa kwetu? Kisha wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka na kufukia madimbwi ya maji. Mama mdogo bado anakumbuka sura ya kichocho. Kwa hiyo imani yake kwa redio haikutokana na ujinga. Ilijengwa kwa makusudi, kwa fedha za umma, na redio iliistahili, kwa sababu aliyekuwa anazungumza hakuwa na kitu cha kumuuzia msikilizaji, na kwa sababu baada ya kusikiliza palikuwa na nafasi ya kuuliza. Tulichofanya tangu redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990 ni kuirithi imani ile, kuiondoa nafasi ya kuuliza, na kuanza kuiuza kwa nusu saa. Anayesikiliza peke yake jikoni saa moja asubuhi hana kiongozi wa kikundi, hana kitabu, wala hana jirani wa kumwambia, "Hebu ngoja kwanza."

Tuliwahi kuonywa. Mwaka 2011 nchi hii ilielekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kunywa kikombe cha dawa yake ya mitishamba, iliyosemwa inaponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500. Simlaumu mzee yule, ambaye sasa ni marehemu. Bei yake haikuwa ya mtu anayetafuta utajiri. Ninachokikumbuka ni kurasa za mbele za magazeti, siku baada ya siku, zikiwa na urefu wa foleni ya magari, picha za viongozi wakiwa na vikombe mikononi, na shuhuda za watu waliosema wamepona siku chache tu baada ya kunywa. Foleni ilikuwa habari, na habari ikazidi kuirefusha foleni, mpaka yeye mwenyewe akalazimika kuomba watu wasije kwa muda. Wagonjwa walikufa wakiwa njiani, na wengine waliacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Swali rahisi la kitabibu, yaani waliokunywa miezi mitatu iliyopita wanaendeleaje leo na vipimo vyao vinasema nini, lilikuja kwa kuchelewa na kwa sauti ndogo.

Ninakubali kwamba redio za mikoani hazina fedha, kwamba watangazaji wengi hulipwa kidogo mno, na kwamba redio hizohizo ndizo zilizotuhimiza kuchemsha maji wakati wa kipindupindu. Hayo ni kweli, lakini hayampi mtu ruhusa ya kumwita muuzaji daktari. Sitazungumzia sana sauti zinazosambazwa kwenye simu, wala tabia yetu ya kusoma vichwa vya habari kwenye meza ya muuza magazeti na kuondoka tukibishana; hayo nayo yana madhara yake, ila angalau watu wameanza kuyatilia shaka.

Ninachodai ni kidogo. Kila kipindi kilicholipiwa kitamkwe hivyo kabla ya kuanza, katikati na mwisho, kwa Kiswahili cha wazi, na jina la aliyelipa litajwe. Mtangazaji anayesoma habari asiendeshe kipindi hicho. Tuna mamlaka ya mawasiliano, na tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002; vyombo hivyo havihitaji kusubiri kuanzishwa. Na shuleni, mtoto anayefundishwa kuchambua shairi afundishwe pia kuchambua tangazo: nani anazungumza, anapata nini, na nani hakuulizwa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kilosa kumwona. Amerudia vidonge, miguu bado inamwaka moto usiku. Kopo lilikuwa bado kabatini, likiwa na unga nusu. Nililigeuza pande zote nikitafuta jina la mtengenezaji, nambari ya usajili au hata orodha ya kilichomo ndani. Palikuwa na picha ya majani na namba moja ya simu, ileile inayotajwa redioni kila asubuhi.