Unyanyasaji wa wodini: Mombasa kelele, Uingereza kimya

Dada zangu wa Mombasa mnaojiandaa kuja huku, hasa tangu Kenya na Uingereza zitiliane saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, nawaambieni wazi: manesi huonewa huku pia.

Pale Mombasa nilipoanzia kazi, inchaji, yaani nesi msimamizi wa wodi, alikufokea mbele ya wagonjwa. "Nani alikufundisha wewe?" Mama aliyekuwa akingoja kufungwa kidonda alijifunika leso usoni, akaona haya kwa niaba yangu. Ukimjibu, utajiona kwenye rota ijayo: mwenzetu wa Likoni alipangiwa zamu za usiku mfululizo, na nyote mwaijua feri ilivyo asubuhi kwa mtu aliyekesha. Wanafunzi ndio huonewa zaidi, maana anayewatukana ndiye anayewatilia sahihi kitabu cha mafunzo.

Huku hafoki mtu. Unaingia chumba cha chai, mazungumzo yanakatika. Kila zamu wewe ndiye unayepewa wagonjwa wazito wa kugeuzwa, na ukiomba msaada kila mmoja ana shughuli. Nawe unanyamaza, kwa sababu viza yako inamtegemea mwajiri; ukipoteza kazi, kwa kawaida una siku 60 za kupata mwingine au ufungashe virago. Hofu hiyo sikuijua Mombasa, ambako nilikuwa na chama, na nyumba ya shangazi ya kukimbilia.

Hata hivyo, kuna jambo tunalolihitaji nyumbani. Baada ya ripoti ya 2015 ya wakili Robert Francis kuhusu uhuru wa wafanyakazi wa afya kusema, hospitali za umma za England ziliwekewa mtu wa kuwasikiliza wafanyakazi wanaoogopa kusema. Huyo si bosi wa wodi yako. Wako waliomwendea wakarudi mikono mitupu, sikatai. Lakini nyumbani lalamiko huanzia kwa inchaji huyohuyo, likaenda kwa matroni aliyesoma naye, na jioni limesharudi wodini na jina lako juu yake.

Wengine husema inchaji mkali ndiye anayetoa manesi hodari. Sikubali kabisa. Nesi anayeogopa kufokewa haulizi kipimo cha dawa. Anakisia, na anayedungwa sindano hiyo ni mgonjwa.

Hospitali zetu nyingi za umma ziko chini ya kaunti. Basi kaunti ya Mombasa na iteue mtu nje ya safu ya matroni, apewe ofisi mbali na wodi, na wanafunzi wawe wa kwanza kupewa namba yake ya simu.