Hapa mbona pako tupu?

Kuna sentensi inanifuata tangu nianze kufanya dizaini hapa Kariakoo: "Kaka, hapa mbona pako tupu? Weka kitu." Nimeambiwa na wenye maduka, nimeambiwa na kamati za harusi, nimeambiwa na mchungaji, na juzi kati nimeambiwa na mdogo wangu wa damu kabisa ambaye nilikuwa namtengenezea stika za maziwa mgando bure. Bure! Na bado akataka nijaze.

Siwalaumu sana lakini. Banna inachajiwa kwa mita za mraba, sasa mtu akishalipia anaona kila sentimita uliyoiacha nyeupe ni hela yake imelala pale inamwangalia. Ni kama mtu aliyekodi fuso kupeleka mzigo mkoani, hawezi kukubali iondoke nusu. Ndo maana unakuta banna moja ina picha ya mwenye duka, picha ya duka lenyewe, picha za bidhaa kumi na nne, namba nne za simu, jumla na rejareja, tunatuma mikoani, mstari wa Biblia au Alhamdulillah, halafu chini kabisa kwa herufi kama sisimizi, mtaa ambao duka lipo.

Shida ni kwamba fuso ikifika kuna watu wanasubiri kushusha. Banna haina wa kuishusha. Mtu anapita na bodaboda, ana sekunde mbili tatu, akili yake iko kwenye foleni na hela ya kodi.

Tena hii siyo mambo ya ladha tu, ni hesabu. Watu wa mabango wana kipimo chao cha haraka, kwamba kila mita 3 za umbali zinahitaji herufi yenye kimo cha kama sentimita 2.5 ili isomeke bila kukaza macho. Haya, chukua mtu aliyesimama mita 30 kutoka dukani kwako. Herufi inatakiwa iwe na kimo cha sentimita 25 hivi. Banna yako ina kimo cha mita 1. Inaingia mistari mingapi ya hivyo? Miwili, ukibana sana mitatu na inaanza kupaliana. Yaani mtu wa mbali una uwezo wa kumwambia vitu viwili tu, basi, vingine vyote ni vya aliyeshafika mlangoni. Kwa hiyo swali la kwanza siyo fonti gani wala rangi gani, ni vitu gani viwili, na hapo ndo mteja anaanza kunisikiliza kwa jicho la pembeni kama vile nataka kumpunja.

Nilihangaika miaka kueleza hili kwa maneno ya kidizaina na hakuna aliyenielewa, mpaka siku moja nikiwa kwenye sherehe ukumbini, nimekalishwa nyuma kabisa karibu na spika, nikaangalia meza kuu. Mgeni rasmi kakaa na mke wake. Meza nzima. Maua, maji, kitambaa kirefu mpaka chini, na pembeni yao pametulia, hakuna mtu. Sisi huku viti vya plastiki tumegusana mabega, ukitaka kunyanyuka mstari mzima unasimama. Nikajisemea, kumbe watu wetu wanaijua nafasi vizuri tu! Hakuna aliyemwambia mpambaji wa ukumbi "hapo meza kuu mbona pako tupu, weka watu wengine sita." Kila mtu anaelewa kwamba ule uwazi ndo unaosema huyu ni nani. Nafasi ni heshima. Kwenye daladala ya saa kumi na mbili jioni hakuna mheshimiwa, wote tumebanana, na neno kwenye banna likibanwa na maneno mengine linakuwa abiria tu.

Hilo limeniokoa kwenye kadi za harusi, ambazo kusema kweli ni ngumu kuliko banna. Kwenye kadi kuna uzito wa aina mbili unagombana. Jicho linataka majina ya maharusi, tarehe, ukumbi, saa. Familia inataka baba mkubwa aonekane. Nilishawahi kuitwa kwenye kikao, mzee mmoja kashika sampuli ya kadi mkononi anaiangalia kama barua ya deni, ananiuliza, "Mwanangu, jina langu mimi ndo umeliandika hivi?" Nikamwambia shikamoo tena, maana ya kwanza naona haikufika. Alitaka likuzwe. Nikikuza la kwake inabidi nikuze la mzee wa upande wa pili, halafu kina mama watauliza na wao, mwisho jina la bibi harusi linabaki kama msimamizi wa shughuli.

Nilichofanya sikukuza kitu. Nililichukua jina la mzee nikalipandisha juu peke yake, nikaondoa lile ua lililokuwa limelikalia kichwani, nikaacha uwazi wa kama vidole viwili chini yake kabla ya maneno mengine kuanza. Fonti ileile, saizi ileile. Mzee akaiangalia, akasema, "Eeh, sasa hapa umefanya." Mpaka leo anaamini nililikuza.

Kuna wanaoniambia bana hayo mambo ya kuacha nafasi ni ya kizungu, sisi tunapenda vijae, angalia vitenge. Naangalia. Kitenge kimejaa mwanzo mwisho na ni kizuri kweli, lakini kitenge hakina habari ya kukupa. Kanga inayo. Kanga ina jina, yaani ule usemi wake, na ndo maana kanga imepangwa tofauti kabisa: kuna pindo linazunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na lile jina limewekwa kwenye sehemu yake chini ya mji, mara nyingi ndani ya kiboksi, herufi kubwa, hakuna ua linaloruhusiwa kupita juu yake. Hata kanga iwe na korosho na nanasi na madoa kiasi gani, jirani aliyelengwa ataisoma tu, tena kwa mbali, tena akiwa amenuna.

Au chukua Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa hapa Dar mwaka 1968, kwa rangi ya kupakia baiskeli kwenye vipande vya silingibodi, na zile picha za mtindo wa mwanzo unakuta chui mmoja, au ndege mmoja, nyuma rangi moja imetulia. Huwezi kumkosa yule chui. Siku hizi ukipita kwenye maduka ya watalii unakuta picha moja ina twiga, tembo, pundamilia, Mlima Kilimanjaro na Mmasai, wote wanataka kuangaliwa kwa wakati mmoja. Sisemi ni mbaya, zinalipa kodi za watu. Nasema tu chui kapotea.

Wamarekani nao walishajaza kama sisi. Matangazo ya magari kwenye magazeti yao zamani gari lilikuwa linamaliza ukurasa, mpaka mwaka 1959 likatoka lile la Volkswagen, gari dogo kama kidonge kwenye kona ya juu kushoto, sehemu kubwa ya ukurasa imeachwa wazi, maneno yako chini. Mabosi wengi wangemfukuza dizaina siku hiyohiyo.

Kitu kingine hakihitaji hata hela: umbali kati ya vitu. Jicho linaamini vilivyokaribiana ni ndugu, na Max Wertheimer, mwanasaikolojia mzaliwa wa Prague, alishaliandika hili mwaka 1923. Nenda kwa mama lishe yeyote mwenye menyu ya ukutani, wali maharage, 2000, wali nyama, 3000, ugali samaki, 4000, mistari yote imeachana sawasawa juu mpaka chini, huelewi hiyo 3000 ni ya kilicho juu yake au cha chini. Unaishia kuuliza. Sogeza bei iikaribie chakula chake, ongeza nafasi kidogo kabla ya chakula kinachofuata, imeisha, hujaongeza hata herufi moja.

Sasa kuna mama mmoja ana duka la vitenge mtaa wa nyuma kidogo. Banna yake ya kwanza nilimtengenezea mimi mwenyewe na nilijaza kila alichotaka, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na njaa ya hela, nakiri. Wiki mbili baadaye kaja analalamika wateja wanaoelekezwa kwa simu wanalipita duka, wanaenda kuuliza kwa jirani yake. Nikamwambia mama, twende tukasimame kule ng'ambo. Tumesimama kwenye jua, nikamwomba akunje macho nusu kama anayesinzia, aniambie anaona nini. Kaangalia weee, akasema, "Naona uso wangu na rangi rangi."

Banna ya pili ilikuwa na maneno matatu makubwa, mshale na namba moja ya simu. Tulivutana wiki nzima kuhusu picha yake, akashinda yeye, ikabaki, ila ndogo, kwa pembeni. Hajawahi kuniambia kama imesaidia na mi sikuuliza. Mwezi uliopita kaniletea mdogo wake anayefungua duka la mashuka, akanielekeza mbele yake: "Mfanyie kama ile ya kwangu." Walipofika mlangoni akarudi peke yake, akaninong'oneza, "Ila yake ijaze kidogo mwanangu, huyu ndo anaanza."