Deki ya zamani ya CD: unaiboresha au unaitengeneza?

Fundi alipofungua deki yangu ya CD, cha kwanza kuonekana kilikuwa mende mkavu, kajilaza kando ya transfoma. Mimi mkononi nilikuwa na bahasha ya vipuri nilivyoagiza nje: kapasita 14 (vipuri vya kutunza na kuchuja umeme), chipu mbili za kukuza sauti, na kristali ya saa, ile inayoipa deki mapigo ya kwendea, yenye bodi yake. Deki ilikuwa ikikwamakwama kila ifikapo nyimbo za mwisho, sauti nayo nikaiona imepoa, basi nikajishawishi kwamba dawa ni kuiboresha. Fundi hakuigusa bahasha. Alichovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, akaifuta lenzi taratibu, akafuta na grisi iliyoganda kwenye reli inayopitia lenzi, akapaka mpya, akaweka CD. Ikapiga mpaka wimbo wa mwisho.

Kumbe CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Reli ikiwa nzito, lenzi inakwama huko mwishoni, na hakuna kapasita duniani inayotibu grisi iliyoganda.

Hata hivyo, wanaosema "boresha" wana hoja, tena nzito. Deki ya bei ya kawaida hutengenezwa kwa bajeti, na bajeti ikibana, vinavyoumia kwanza ni mfumo wa umeme na saketi ya mwisho inayotoa sauti. Ushahidi wao mzuri ni wa kiwandani kwenyewe. Miaka ya 1990, Ken Ishiwata wa Marantz, kampuni ya vifaa vya muziki, aliichukua deki ya CD-63, mashine ya watu wa kipato cha kati, akaipa transfoma bora ya duara, vipuri vya kuchagua na kasha la chuma lililopakwa shaba. Ikauzwa kwa bei ya juu ikiwa na herufi za jina lake, KI Signature, na wapenzi wa muziki waliipokea kwa mikono miwili. Kama kubadilisha vipuri kungekuwa ushirikina mtupu, deki ile isingeheshimika hadi leo.

Lakini Ishiwata alikuwa na mchoro wa saketi, vyombo vya kupimia na mafundi wa kiwanda nyuma yake. Aliyeniuzia bahasha hajawahi kuiona deki yangu. Ukichomoa chipu ya kukuza sauti ya NE5532, ambayo imejaa kwenye deki za zamani, ukapachika nyingine yenye kasi zaidi, miguu minane inaingia sawasawa, ila kama umeme wake haujachujwa vizuri pale pale miguuni, chipu inaweza kuanza kujitetemesha yenyewe kwa masafa usiyoyasikia. Unaigusa, ina joto la kuunguza kidole. Bado sijataja feki: chipu ya bei ya chini iliyokwanguliwa maandishi na kuandikwa jina kubwa. Kwa macho huijui.

Kapasita ndizo zinazowachanganya watu zaidi. Zile za maji, zenye kimiminika ndani, hukauka. Iliyoandikwa kudumu saa 2,000 kwa nyuzi 85, muda wake wa kudumu huongezeka mara mbili hivi kwa kila nyuzi 10 joto linaposhuka. Ikikaa karibu na kipoza joto, penye nyuzi 65, inapata kama saa 8,000. Kwa anayesikiliza saa tatu kila siku, ni miaka saba na kidogo. Sasa deki ina miaka 30. Mtu akikwambia deki yake imefufuka baada ya kubadilishiwa kapasita, usimbishie. Ila aliyoyafanya ni matengenezo. Ameirudisha ilikokuwa siku ilipotoka kwenye boksi. Sifa nyingi za "kuboresha" ninazozisikia, ukizichunguza, ni hizo.

Kupanda juu ya hapo ndipo ninapoanza kusita. Sony walipotoa CDP-101 huko Japani tarehe 1 Oktoba 1982, kwa yen 168,000, kanuni za CD zilikuwa zimeshawekwa: sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Hizo zinatosha kubeba masafa yote ya sikio la binadamu, na sikio lenyewe linapoteza ya juu kadiri tunavyozeeka. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha jaribio ambamo sauti ya diski za ubora wa juu kuliko CD ilipitishwa, bila wasikilizaji kujua lini, kwenye saketi ya kuigeuza iwe ya kiwango cha CD. Kati ya majaribio 554, waliobaini walikuwa sahihi mara 276. Ungerusha shilingi ungepata hivyo hivyo. Jaribio lile lilipima kiwango cha CD, halikupima kila deki ya bei rahisi, kwa hiyo halifungi mjadala. Ila kama hatua nzima ya kugeuza sauti haikusikika, muuzaji wa kristali ana kazi kubwa ya kunishawishi.

Kuna na tatizo la kumbukumbu. Kuchoma risasi vipuri kumi na vinne ni kazi ya jioni nzima, na sikio halihifadhi sauti kwa muda huo. Linalokumbuka ni pesa iliyolipwa. Rafiki yangu ana deki mbili za aina moja, moja kaifanyia kila kitu, nyingine iko kama ilivyozaliwa. Tukasawazisha sauti kwa mita, maana inayosikika juu kidogo tu huonekana nzuri zaidi, tukazifunika kwa kanga, mpwa wangu akawa anabadilisha. Mara kumi: mimi nilipatia sita, mwenye deki nne. Na ndiye aliyelipa.

Mpwa alicheka, sisi hatukucheka sana.

Kwa hiyo mkoba ukiwa mmoja, mimi naanza na lenzi. Leza iliyomo humo huchoka, na bila leza deki ni kopo. Lenzi kama KSS-213 ya Sony zimetumika kwenye deki chungu nzima, na mbadala wake bado unapatikana. Lenzi mpya ya aina hii huja na kitone cha risasi kilichounganisha njia mbili kwenye bodi yake ndogo, kuilinda na umeme tuli. Kisipoyeyushwa baada ya kuifunga, haisomi kitu, na nimeona lenzi nzima ikitupwa kwa kosa hilo. Pili, kama nyuma kuna tundu la kutolea sauti ya kidijitali, DAC ya nje, kifaa cha kugeuza namba za kidijitali kuwa sauti, naielewa: hata deki ikifa kesho, inahamia kwenye nyingine au kwenye kompyuta. Pesa ikibaki, spika. (Na deki ya mtumba kutoka Japani itazame kwanza mgongoni: ikiwa ya volti 100, ukiichomeka kwenye 230 zetu bila transfoma ya kushushia, mjadala wa kuboresha umekwisha hapo hapo.)

Anayechoma risasi kwa raha yake simhesabu humu. Huyo ananunua jioni njema mezani, na deki mbovu ya bei chee ni shule nzuri kwake.

Baadaye nilirudi kwa yule fundi na bahasha yangu. Akapima, akabadilisha kapasita nne za jirani na kipoza joto, kumi akanirudishia. Chipu aliziangalia chini ya taa, akaipitishia moja kidole chenye spiriti, maandishi yakafutika. Kristali imo kabatini na bodi yake, bado kwenye kifuko chake cha plastiki.