Ukitaka kutembea ndani ya gemu, usianzie Los Angeles

Ingia banda lolote la gemu hapa Mbeya, pale Mwanjelwa au Soweto, jioni, uwaulize vijana walioshika pedi ni mji gani wa ughaibuni wangependa kuuona kwa macho yao. Wengi watakujibu Los Angeles. Sababu ni Los Santos, mji wa kwenye gemu za GTA uliochorwa kwa kufuata Los Angeles: GTA San Andreas ya 2004 kwenye PS2 ndiyo iliyowazoesha, na GTA V ya 2013 ikamalizia kazi. Kwa maoni yangu hilo ni chaguo baya kwa safari ya kwanza. Mpenzi wa gemu aliyedunduliza nauli ya kwenda mbali atafaidi zaidi Tokyo, kwenye kitongoji kimoja kinachoitwa Kabukicho.

Si kwamba GTA imedanganya. Vitu vipo. Griffith Observatory iko kilimani kama Galileo ya kwenye gemu. Gati la Santa Monica lina gurudumu lake la kupanda kama la Del Perro, na U.S. Bank Tower inasimama mjini kati kama Maze Bank. Hata minara ya Watts, aliyoijenga Simon Rodia kwa mikono yake kati ya 1921 na 1954, San Andreas iliiiga. Shida ni umbali ulioko kati ya kitu na kitu. Watengenezaji waliubana mji ili dereva asichoke. Kwenye San Andreas unatoka Los Santos hadi Las Venturas kwa dakika chache, lakini Las Vegas halisi iko kilomita zaidi ya 400 kutoka Los Angeles, mbali kuliko Mbeya na Iringa. Ndani ya mji wenyewe, kutoka Santa Monica hadi Griffith kwa gari kunaweza kula saa nzima foleni ikikaza. Mwisho wa siku umeona vitu vinne, umepiga picha nne, na muda uliobaki umekaa kwenye gari ukitazama barabara ambazo gemu haikukufundisha. Kona ulizozikariri hazipo. Ukiwa na ndugu anayeishi huko, sawa, panda treni ya E Line kutoka mjini kati hadi Santa Monica, na Griffith nenda siku yoyote isipokuwa Jumatatu, kwa sababu siku hiyo hufungwa. Kuingia ni bure. Mengine yasubiri.

Sasa Kabukicho. Kampuni ya Sega ilitoa gemu ya kwanza ya mfululizo wa Yakuza nchini Japani Desemba 2005, na mtaa wake mkuu, Kamurocho, ulichorwa kwa kufuata Kabukicho ya wilaya ya Shinjuku. Tangu hapo mhusika mkuu, Kazuma Kiryu, amepita mitaa ileile gemu baada ya gemu, na wachezaji wamepita naye. Huku kwetu gemu hizi hazina umaarufu wa GTA wala wa mpira, ila ukipata PS4, Yakuza 0 haina usumbufu. Sauti za toleo la awali ni za Kijapani na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo mpe pedi mtu anayesoma haraka.

Ubora wa Kamurocho kwa msafiri ni udogo wake. Watengenezaji hawakuubana mtaa kama GTA ilivyoubana mji, waliufuata kwa karibu. Ukishuka kituo cha Shinjuku, tokea mlango wa mashariki, tembea dakika tano hadi saba kuelekea kaskazini mpaka barabara pana ya Yasukuni. Ng'ambo yake utaona lango jekundu la taa lililoandikwa Kabukicho Ichibangai. Hilo ndilo lango la Tenkaichi la kwenye gemu. Simama upande wa huku wa barabara kabla hujavuka, kwa sababu ukishafika chini yake haliingii kwenye picha na magari yanakuziba. Duka la Don Quijote, ambalo kwenye gemu lipo kwa jina lake halisi, liko kwenye barabara hiyohiyo ya Yasukuni na hufunguliwa saa 24.

Pita chini ya lango, nenda moja kwa moja. Dakika tatu tu unatokea eneo la jengo la Shinjuku Toho, lililofunguliwa 2015, lenye kichwa cha Godzilla kinachochungulia juu ya paa na kunguruma kwa saa zake. Hapa ndipo wachezaji wa zamani huchanganyikiwa. Ukumbi wa maonyesho wa Koma, ambao gemu za mwanzo ziliuzunguka kwa uwanja wake wa sinema, ulifungwa mwisho wa 2008 na kubomolewa. Jengo la Toho limekaa pale pale. Jumba la Milano lililokuwa jirani nalo lilifungwa 2014, na 2023 likainuka jipya mahali pake: Tokyu Kabukicho Tower, ghorofa 48, mita 225. Mnara wa Millennium wa kwenye gemu ulikuwa wa kubuni tu, na kwa miaka mingi wageni walikuwa wakiutafuta bila kuuona. Leo wakitazama juu wanaona mnara mrefu katikati ya Kabukicho. Mji umejenga kitu ambacho gemu ilikitangulia.

Ndiyo maana nasema usiende kutafuta mfanano peke yake. Picha ya lango kila mtu anayo. Kinachonoga ni pale mtaa na gemu vinapoachana, kwa sababu hapo ndipo unaona aliyeichora gemu aliamua nini. Yakuza 0 inatokea Desemba 1988, wakati bei ya ardhi Japani ilikuwa imepanda kupita akili, na fitina yote ya hadithi inazunguka kiwanja kimoja kidogo kitupu katikati ya Kamurocho, mita chache tu za mraba, ambacho bila hicho mradi mzima wa kuujenga mtaa upya hauwezi kwenda. Mtu wa Forest Mpya au Block T aliyewahi kuona mipaka ya viwanja ikigombaniwa hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanauana kwa ajili ya kipande kile. Ukisimama Kabukicho, huo mkasa unauona kwa macho: vichochoro vyembamba, majengo yaliyobanana hadi madirisha yanagusana, na katikati yao minara ambayo lazima kuna mtu aliuza ili ijengwe. Na kwa taarifa, jina lenyewe la mtaa limetokana na ukumbi wa maigizo ya kabuki uliopangwa baada ya vita kuunguza eneo lote. Mtaa ulipewa jina 1948. Ukumbi haukujengwa kamwe.

Upande wa mashariki kuna Golden Gai, vichochoro sita vyenye vibaa karibu 200, vingi vikiwa na viti vichache vya kuhesabika. Kwenye gemu ni mtaa wa Champion. Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza ni kamera: kupiga picha au video kwenye vichochoro bila ruhusa hakuruhusiwi na kuna mabango yanayosema hivyo, kwa hiyo yule anayerekodi video ya mtandaoni huku akitembea ndiye atakayefokewa. La pili ni ada ya kiti. Vibaa vingi hutoza kukaa tu, kabla ya kinywaji; bei huandikwa mlangoni, na isipoandikwa uliza kabla hujakalia kiti. Beba pesa taslimu ya yen. Mashine za ATM za maduka ya 7-Eleven hukubali kadi za Visa na Mastercard za nje.

Halafu wapiga debe. Kwenye gemu mtu anakufuata akikuitia baa, unamkwepa au unampiga ngumi, maisha yanaendelea. Kabukicho halisi wapo, na sheria za mji zimewakataza, hadi vipaza sauti vya mtaani vinawatangazia wageni wasiwafuate. Wamejifunza Kiingereza, na mgeni Mwafrika wanaweza kumuita "brother". Ukimfuata utapelekwa ghorofa ya tatu au ya nne, utaambiwa bei moja, utaletewa bili nyingine, na kadi yako itasuguliwa kwa kiasi ambacho hukukikubali. Wengine wametiliwa dawa kwenye kinywaji. Tiba ni moja: usijibu, usipunguze mwendo, usitabasamu. Aliyezoea kupita stendi ya Kabwe akiwa na begi mgongoni anao ujuzi huo tayari, tatizo ni kwamba ugenini watu huusahau kwa kuogopa kuonekana hawana adabu.

Na chini ya bustani hakuna mji wa siri. Purgatory, ule mji wa chini ya ardhi wa kwenye gemu, ni ya Sega peke yake.

Picha zipigwe jioni. Mchana Kabukicho ni mtaa wa kawaida wenye mifuko ya taka na magari ya kushusha bia, na wengi huondoka wamenuna kwa sababu walikwenda saa nane mchana. Wakati mzuri ni dakika 20 hadi 40 baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa bado na buluu. Desemba jua la Tokyo huzama karibu saa kumi na nusu, Juni ni saa moja. Mvua ikinyesha usirudi hotelini: barabara iliyolowa ndiyo inayotoa ule mng'ao wa taa wa kwenye gemu. Tumia lenzi pana ya simu, ile ya 0.5, kwa sababu kamera ya gemu hukaa nyuma ya mhusika na juu kidogo ya bega lake. Inua simu juu ya kichwa, mwache mwenzako atembee hatua tano mbele. Taa zitaungua na kuwa nyeupe usipogusa bango kwenye skrini kisha ukashusha mwanga. Hilo ndilo kosa la picha tisa kati ya kumi za mtaa huu.

Maandalizi ya huku nyumbani ndiyo huwaangusha wengi. Pasipoti: fomu hujazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha unafika ofisi yao ya mkoa, ada ni shilingi 150,000. Viza ya Japani huombwa ubalozini Dar es Salaam, na moja ya karatasi wanazotaka ni ratiba ya siku kwa siku: tarehe, utafanya nini, utalala wapi, simu ya hapo. Ukiandika "kutalii Tokyo" siku kumi mfululizo umejichimbia shimo. Andika majina halisi, Kabukicho, Golden Gai, Dotonbori. Usiandike Kamurocho, maana afisa ataitafuta kwenye ramani asiione.

Kabla ya hapo, tembea mtaa bure. Nenda mahali penye Wi-Fi au kompyuta, maana picha za mtaa za Google hula bando vibaya kwenye simu, fungua Google Maps, tafuta Kabukicho Ichibangai, umshushe yule mtu wa njano wa Street View chini ya lango. Fungua gemu kwenye skrini nyingine, simama mahali hapohapo, kisha songeni pamoja, njia panda kwa njia panda. Orodhesha kila kona mtaa na gemu vinapoachana. Hiyo orodha ndiyo ratiba yako, na ni bora kuliko kitabu chochote cha utalii. Piga picha za skrini uzibebe.

Usipange ndege ya usiku siku ileile unayotoka Mbeya kwa basi. Ni zaidi ya kilomita 800 hadi Dar, na lori moja likilala Kitonga linaondoka na saa zako nne. Lala Dar, au panda ndege Songwe asubuhi. Kutoka Tanzania hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Japani. Utabadilisha Doha, Dubai au Addis Ababa.

Chaja: umeme wa Japani ni volti 100 na tundu ni la pini mbili bapa. Chaja iliyoandikwa 100–240V inafaa, unahitaji adapta tu. Pasi au kitu cha kuchomea nywele cha volti 230 kiache nyumbani. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo ukipiga simu nyumbani saa sita usiku huko, Mbeya ni saa kumi na mbili jioni. Kuhusu baridi, mtu wa Nyanda za Juu ana nafuu: koti la Juni la Mbeya linatosha Novemba, Januari ongeza sweta. Wa Makete atacheka tu.

Fikia Shin-Okubo, kituo kimoja kaskazini ya Shinjuku, badala ya kulala Kabukicho kwenyewe. Ni mwendo wa robo saa kwa miguu, kuna utulivu zaidi, na kuna maduka ya halali yanayouza viungo na nyama. Faida kubwa zaidi ni kwamba treni za mwisho huisha karibu saa sita na nusu usiku na za kwanza huanza kama saa kumi na nusu alfajiri. Aliyelala mbali akichelewa analipa teksi ya kuumiza.

Ukibaki na siku, Osaka ni saa mbili na nusu kwa treni ya kasi, Shinkansen ya Nozomi, kama yen 14,000 kwenda. Mtaa wake wa Dotonbori ndiyo Sotenbori ya kwenye gemu: mfereji uliochimbwa hadi 1615, kaa mkubwa wa Kani Doraku juu ya mlango, daraja la Ebisu lililojaa watu. Ni padogo kama Kabukicho, usiku mmoja unatosha.

Onomichi, mji wa bandari ulioko mkoa wa Hiroshima, ulitumiwa na Yakuza 6 kwa jina lake mwenyewe, na ningeuweka juu ya Osaka: ngazi, paka, hekalu la Senkoji kilimani, na bahari nyembamba chini. Shinkansen isikupoteze. Kituo cha Shin-Onomichi kiko mbali na bandari na husimamisha hasa treni za polepole za Kodama. Shuka Fukuyama, badilisha treni ya kawaida, dakika 20 unashuka Onomichi ukiwa umefika ufukweni.