Hata Mfalme Alituma Mwakilishi

Jamani, nani aliamua kwamba likizo ni kupanda vilima? Tuko Hondarribia, mji wa Wabaski ulio mpakani kabisa: huku Hispania, ng'ambo Ufaransa, katikati mto Bidasoa. Mke wangu kaambiwa na wenzake kazini kwamba mji huu raha yake utembee kwa miguu. Miguu ya nani, hawakusema.

Ukishapita tu lango la Santa María, njia inainuka. Chini ni mawe matupu, kila moja limekaa linavyotaka lenyewe. Bibi mmoja mwenyeji akanipita na kikapu chake, "Kaixo!", wala hahemi. Nikamwitikia kwa mkono. Pumzi naitunza.

Juu kuna ngome ya Carlos V. Mwaka 1638 Wafaransa waliuzingira mji huu zaidi ya miezi miwili, wakashindwa, na mpaka leo kila tarehe 8 Septemba wenyeji wanaandamana kwa ngoma na bunduki kushangilia. Mimi sishangai. Ukifika kule juu, hata ukikuta lango wazi utaomba kiti kwanza, vita baadaye. Siku hizi ngome ni hoteli. Nikasema basi tulale hapa hapa. Nilipoona bei, miguu ikapona.

Kanisani ndipo nilipoishiwa. Juni 1660, humo ndani, María Teresa, binti wa mfalme wa Hispania, aliozwa Louis wa 14 wa Ufaransa, na bwana harusi hayupo! Yuko zake upande wa pili wa mpaka. Aliyesimama badala yake ni Don Luis de Haro, na ndoa ikapita. Yaani mtu harusi yake mwenyewe katuma mwakilishi, mimi kuja kulitazama tu hilo kanisa lazima nilete magoti yote mawili. Nikamgeukia mke wangu. "Usithubutu kulisema," akaniwahi.

Tukashuka La Marina, mtaa wa wavuvi, roshani za kijani na buluu, maua kila mahali. Pazuri, sikatai. Lakini ilikuwa saa kumi na moja jioni na tumbo linadai. Chakula cha sahani? Mpaka saa mbili na nusu usiku. Kilichopo ni pintxo: kipande cha mkate, kasamaki juu, kijiti kimechomekwa. Tonge moja, kimekwisha, umebaki na kijiti. Na unakula umesimama! Siku nzima nimesimama, sasa nalipia kusimama.

Gatini kuna boti, dakika chache uko Hendaye, Ufaransa. Nikafurahi: hatimaye kukaa. Mwenzangu hataki boti. Anataka tufuate mto kwa miguu mpaka Irun, tukaone Kisiwa cha Faisanes, kile ambacho Hispania na Ufaransa wanapokezana kila miezi sita.

"Na tunaruhusiwa kushuka?"

"Hapana, watalii hawaingii."

"Sasa tukifika tunafanya nini?"

"Tunakitazama," akasema, anakaza kamba za viatu.