Red Cliff: tuliuziwa nusu

Nikisikia mtu anaiponda Red Cliff, filamu ya mwongozaji John Woo, kwamba ni mapigano tu mwanzo mwisho, huwa namuuliza: wewe uliona ya dakika ngapi? Mara nyingi jibu ni saa mbili na nusu hivi. Basi hapo tunabishana bure, kwa sababu hatuzungumzii filamu moja.

Red Cliff ni filamu ya sehemu mbili. Ya kwanza ilitoka China Julai 2008, wiki chache kabla ya Olimpiki ya Beijing. Ya pili ikafuata Januari 2009. Ukiziunganisha unapata karibu saa tano. Watazamaji wa Ulaya na Marekani wao walitengenezewa toleo moja la dakika 148, likatiwa na msimulizi wa Kiingereza mwanzoni ili wasipotee njia, na ndilo nililokutana nalo mimi kwanza. Waliolikata walibakiza moto wakatupa kuni.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 208. Utawala wa Han, ukoo wa kifalme wa China, umebaki jina tu. Waziri mkuu Cao Cao amemshika mfalme mkononi, na kwa jina la mfalme huyo anateremka kusini na jeshi analojigamba kuwa ni la watu 800,000, hesabu ambayo wanahistoria huipunguza sana. Kusini kuna Sun Quan, kijana aliyerithi utawala kutoka kwa kaka yake, na Liu Bei, ambaye kwa wakati huo ni mkimbizi mwenye jeshi lililochoka. Hata wakiungana, kwenye filamu wanapata watu 50,000 hivi. Wanakutana na Cao Cao kwenye mto Yangtze, na meli zake zinateketezwa.

Nimekusimulia mwisho na sijakuharibia chochote. Wachina wamekua na kisa hiki kupitia riwaya ya Luo Guanzhong ya karne ya 14, kupitia opera, na siku hizi kupitia magemu ya kompyuta. Kila aliyekata tiketi Beijing alijua nani anashinda na anashinda kwa njia gani. Woo hakuwa na siri ya kuficha, kwa hiyo alichokuwa nacho cha kuuza ni watu wenyewe: ni akina nani, wanaogopa nini, na kwa nini wakubali kufa pamoja.

Fedha zilimwagwa, hilo halina ubishi. Bajeti ilifika dola milioni 80 hivi, kubwa kuliko ya filamu yoyote iliyogharimiwa na Waasia hadi wakati huo, kwa mchango wa China, Japani, Taiwan na Korea Kusini. Jeshi la China likatoa askari zaidi ya 1,000 wa kujaza uwanja wa vita. Lakini kazi ilianza kwa mkosi. Aprili 2007, kamera zikiwa ndiyo kwanza zinawashwa, Chow Yun-fat akajitoa, mwigizaji ambaye yeye na Woo walipandishana chati Hong Kong miaka ya 1980. Tony Leung, aliyekuwa ameikataa nafasi ya Zhuge Liang, mshauri wa Liu Bei, akarudi kuokoa jahazi na kumwigiza Zhou Yu, jemadari wa Sun Quan. Zhuge Liang akawa Takeshi Kaneshiro. Mimi naona bahati mbaya ile iliisaidia filamu, maana sioni Chow angeutoa wapi ule upole wa macho wa Leung.

Kisha Juni 2008, wakati wa kupiga picha za meli kuungua, mashua ndogo iliyowashwa moto iligonga meli kubwa na moto ukawashinda. Kijana mmoja anayeigiza matukio ya hatari alifariki, wenzake sita wakaumia. Ule moto wa sehemu ya pili unasifiwa sana. Mimi nashindwa kuusifia kwa moyo mweupe.

Turudi kwenye kuni. Katika sehemu ya kwanza kuna mazoezi ya kijeshi, mamia ya askari wanazungushwa uwanjani, mara filimbi inasikika. Zhou Yu anasimamisha kila kitu. Anamwendea mtoto anayeipuliza, anaichukua filimbi, anaichonga kidogo kwa kisu na kumrudishia. Sauti imekaa sawa. Mara babu wa yule mtoto anajitokeza kulalamika kwamba askari wamemwibia nyati wake. Wezi wanajulikana kwa tope miguuni. Zhou Yu, badala ya kuwakata vichwa, analiamuru jeshi zima lipite kwenye tope, na nyati anarudi kwa mwenyewe. Hakuna hotuba. Ndani ya dakika chache umeshaelewa kwa nini watu hawa watamfuata huyu bwana popote.

Halafu anakuja Zhuge Liang kuomba muungano, na wawili hao wanakaa kupiga guqin, kinanda cha nyuzi, usiku. Wanashindana, wanajibizana, wanamaliza, na vita havijatajwa hata mara moja. Akiondoka, Zhuge Liang anamwambia mwenzake waliyekuja pamoja kwamba jibu ameshalipata: Zhou Yu atapigana. Kwa bajeti ya dola milioni 80, tukio bora kuliko yote limegharimu vinanda viwili na taa.

Lile toleo fupi liliondoa uwindaji wa chui milia, ambao ndio unaomwonyesha Sun Quan akipambana na woga wake. Liliondoa pia mapatano ya mishale. Zhuge Liang anaahidi kuleta mishale 100,000, Zhou Yu anaahidi kuwamaliza makamanda wawili wa majini wa Cao Cao, na atakayeshindwa anatoa kichwa chake. Bila mapatano hayo, zile mashua zenye majani zinazokwenda kuchota mishale ya adui kwenye ukungu zinabaki kuwa ujanja wa kufurahisha macho. Ukijua kuna kichwa kimewekwa rehani, unaihesabu mishale pamoja naye.

Ajabu ni kwamba nyumbani China malalamiko yalikuwa ya aina nyingine kabisa. Sehemu ya kwanza peke yake iliingiza zaidi ya yuani milioni 300, lakini kumbi zilicheka pasipotarajiwa. Zhou Yu anamuuliza Zhuge Liang kwa nini anajipepea kwenye baridi, naye anajibu kwamba anahitaji kutulia, na watu wakaangua kicheko kwa sababu ni lugha ya vijana wa leo kwenye mdomo wa mtu wa miaka 1,800 iliyopita. Wengine walikasirika kwamba Cao Cao amefanywa aanzishe vita kwa kumtamani Xiao Qiao, mke wa Zhou Yu. Hapo niko nao. Cao Cao wa Zhang Fengyi ni mtu mzito mno kukwamishwa na kikombe cha chai anachoandaliwa na Xiao Qiao huku upepo unageuka. Ile ya vichekesho naiacha ipite, askari hutaniana.

Marekani, hilo toleo lililotengenezwa ili liwafae halikufikisha hata dola milioni moja kwenye kumbi. Kwa hiyo walikata na bado hawakuuza.

Ukiitafuta, angalia dakika kabla ya kupakua au kulipa: unataka faili mbili, kila moja zaidi ya saa mbili. Na jiandae, kwa mila za stelingi na adui tulizozizoea utaudhika mwishoni, kwa sababu Zhou Yu anamwachia Cao Cao aende zake. Woo hakuwa na namna. Cao Cao alikuja kufa kwa ugonjwa mwaka 220, na hakuna Mchina ambaye angekubali kuambiwa vinginevyo.