Chatu mubashara kutoka Bujora

Mashindano ya ngoma za Wasukuma hayana mwamuzi wa filimbi. Vyama ni viwili: Bagika wanacheza huku, Bagalu kule, saa ileile, uwanja uleule. Wenye umati mkubwa ndio washindi. Mambo yako hivyo tangu karne ya 19, enzi za Ngika na Gumha, waganga wawili waliogombea nani ana dawa kali zaidi. Kwa hiyo ili watu wasikuhame unafanya kila linalowezekana: manju anatunga nyimbo za kumchamba mpinzani, vijana wanarusha majembe juu na kuyadaka, na kila upande una dawa yake ya mvuto, japo ukiuliza utaambiwa ni mazoezi tu.

Sasa bosi wetu wa redio, Juni hiyo, akaona Bulabo, sikukuu ya ngoma hizo kule Bujora, irushwe mubashara. Ngoma ya macho, yeye anaitaka masikioni! Nikapanda daladala hadi Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, nikapanda kilima cha Bujora kwenye yale makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, Mkanada, nikasimama katikati ya makundi mawili. Mitambo yetu yote ilikuwa simu yangu na kifurushi cha bosi.

"Wachoree picha wasikilizaji wetu!" akasema dada wa studio.

Nikachora. Ngoma, vumbi, majembe, akina mama wanapiga vigelegele. Nikafika kwa mzee anayecheza na chatu (wa upande gani sitasema, nina wakwe pande zote mbili). Nikasema, "Na hapa tunamwona chatu wa wastani..."

Mzee akaacha kucheza.

"Wa wastani?"

Kumbe mjukuu wake alikuwa pembeni na redio, imefunguliwa hadi mwisho.

"Kijana, wajukuu zangu wote wanasikiliza. Wastani! Mpime mwenyewe." Akanivisha nyoka shingoni kama skafu.

"Shikamoo, babu," nikasema. Sijui kwa nini. Heshima hutoka yenyewe ukiogopa.

"Marahaba. Usihofu, chatu hana sumu. Anakumbatia tu."

Dada wa studio akaendelea: "Mwandishi wetu, tuambie, hali ikoje hapo?"

"Ni... nzito."

"Naona mtandao wa Kisesa unakatakata kidogo."

"Si mtandao, dada. Ni shingo."

"Samahani wasikilizaji, tunarekebisha mitambo." Wakaweka wimbo. Nasikia ulikuwa wa mapenzi.

Huku nyuma mtoto mmoja akapiga kelele kwamba nyoka anamla mtu wa redio. Bagika wakapoteza safu ya kwanza ya watazamaji, kisha ya pili. Bagalu nao hivyo hivyo. Watu wakaja wanakimbia, wengine na viti vyao vichwani, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunisaidia, walikuja kutazama. Mara ngoma zikanyamaza pande zote mbili, maana wapigaji nao walikuwa wamekuja. Bulabo nzima ilinizunguka mimi na simu yangu.

Mzee akamfungua mnyama wake taratibu, akianzia mkiani, huku akinionyesha urefu pingili kwa pingili. Nikakiri hewani kwamba ni mkubwa sana.

Ndipo manju wawili wakanijia, mmoja kila upande. Vyama hivyo havijaafikiana jambo tangu babu zao, lakini siku hiyo walisema kwa sauti moja:

"Wewe ni chama gani?"

"Cha waandishi wa habari."

"Mganga wenu nani?"

Studio ikarudi hewani papo hapo. "Mwandishi wetu, nani anaongoza mpaka sasa?" Manju wote wawili wakanikodolea macho. Nikakata simu, nikasema kifurushi kimeisha.

Wakati natafuta daladala ya kurudi mjini, manju wa kwanza akanifuata, akanivuta nyuma ya kibanda cha miwa.

"Ile dawa yako. Bei gani?"

Nikamwapia kwamba sina dawa. Akatikisa kichwa kama mtu anayeelewa biashara, akaondoka. Wa pili yeye alipiga usiku, namba yangu aliipata redioni, na aliahidi mbuzi.